Kwa nini ghorofa ya nne Magomeni ina kelele kuliko chini, wakati Mji Mkongwe kulikuwa kimya?

Swali: "Assalam aleykum. Mie nimezaliwa Zanzibar, Mji Mkongwe, sasa nimeolewa nipo Dar, tumepanga Magomeni ghorofa ya nne. Kutoka kwetu mpaka Morogoro Road kama mita 80 na katikati pana nyumba za chini tu za bati. Mwanzo tulikuwa chini kwenye jengo hili hili, mume wangu akasema tupande juu tupate hewa na utulivu, kumbe juu ndo kelele zaidi. Tukahamisha kitanda chumba cha nyuma, huko barabara haisikiki sana lakini majirani wa jengo la pili wakiongea utadhani wamo chumbani mwetu, na usiku kuna baa iko mtaa wa tatu huko nasikia du du du tu, nyimbo yenyewe siisikii. Saa nane za usiku nasikia mpaka honi ya meli bandarini, mchana sijawahi kuisikia hata siku moja. Mtoto ana mwaka na nusu anashtuka shtuka. Fundi katwambia tubandike trei za mayai ukutani, mume wangu anataka kumuomba mwenye nyumba apande miashoki kwenye uzio. Kwetu nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta na kulikuwa kimya, hapa nyumba zina nafasi na kelele juu. Ni masikio yangu au kuna sababu?"

Jibu:

Waaleykum salaam dada yangu. Masikio yako mazima kabisa, tena umesikiliza vizuri kuliko watu wengi wanaonipigia simu, maana wengi wananiambia tu "kuna kelele" basi, wewe umeniambia kelele gani, chumba gani na saa ngapi. Kwa maelezo hayo naweza kukueleza karibu kila kitu bila kufika kwako, ingawa kuna sehemu moja mbili itabidi mtu aje, nitakwambia huko mbele.

Nianze na kitu ambacho watu wengi tunakosea. Tunadhani kelele ya nyumba inategemea wapiga kelele wako wangapi na wako mbali kiasi gani. Hiyo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni umbo la mji, yani nyumba zimekaaje, njia imenyooka au imepinda, kuta zinatazamana au zimeachana, chini ni mchanga au pevingi, wewe uko juu ya mapaa au chini yake. Sauti ni kama maji, ina njia zake inazopita, na kila unapomwaga zege au kubomoa ukuta unaibadilishia njia. Kwako sauti ina njia tatu tofauti, ya mbele, ya nyuma, na hii ya saa nane usiku inayopita juu, na kila moja ina dawa yake, ndo maana fundi akikupa dawa moja ya kila kitu usiharakishe kutoa hela.

Tuanze na mbele. Mlipokuwa chini, zile nyumba za bati zilikuwa zinawakinga na barabara kama mtu anavyosimama mbele yako juani ukapata kivuli, na sauti nayo ina kivuli. Ukuta ukiziba kidogo tu ile njia iliyonyooka kati yako na gari tayari umepunguza kama desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ukizidi kwenda juu unapunguza zaidi. Sasa mlivyopanda ghorofa ya nne mmetoka kivulini, mnaitazama Morogoro Road juu ya mapaa, hakuna kitu katikati tena ila hewa. Jaribu hivi, simama dirishani, kama macho yako yanaona magari basi na masikio yako yanayaona, na kama unaona paa tu ujue upo kivulini. Hiyo ndo kanuni rahisi kuliko zote, haihitaji kifaa.

Ila usije ukabeba hiyo ukamwambia kila mtu kwamba juu ni kelele na chini ni kimya. Angekuwa ndugu yako anapanga Kariakoo kwenye jengo lililokaa barabarani kabisa ningemwambia kinyume chake, kwamba chini ndo pabaya na kila akipanda anapata unafuu kidogo, ila ni kidogo kweli kweli, na sababu yake inatokana na mji wenyewe ulivyochorwa. Kariakoo ilipangwa kwa mistari ya kukatana, mpango ulioanza na Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia na ukaja kujengwa wakati wa Waingereza, na jina lenyewe linatokana na wale wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Zile njia zilichorwa kwa ajili ya nyumba za chini, zile za vyumba sita na ua nyuma. Leo njia ni zile zile, upana ule ule, ila pembeni zimesimama ghorofa nane, kumi na zaidi. Sauti iliyokuwa inatoka kwenye njia, inaruka juu ya paa na kupotea angani, sasa hivi inagonga ukuta wa kushoto inarudi ukuta wa kulia inarudi tena kushoto, na kuta zenyewe ni zege na vioo, hazinywi kitu. Spika moja ya duka la nguo inasikika kama spika tatu. Kila mwenye duka anaona mwenzake kamzidi basi naye anaongeza, na hapo tunamlaumu mwenye spika peke yake, wakati mtaa wenyewe unamwongezea sauti bure.

Ukitaka kuhisi hilo kwa mwili wako, siku moja toka Kariakoo kwa mguu nenda Mnazi Mmoja. Unapotoka kwenye ghorofa ukaingia pale uwanjani, ni kama mtu amefunua sufuria. Magari bado yapo kila upande, watu wapo, lakini kichwa kinapumua, kwa sababu hakuna ukuta wa kukurudishia sauti na chini kuna udongo na nyasi. Ule uwanja historia yake si nzuri, wakoloni waliuacha wazi kutenganisha makazi ya Waafrika na Uhindini, lakini leo ni moja ya sehemu chache katikati ya Dar ambapo sauti ina pa kufia. Naumia kila nikisikia mtu anasema kiwanja cha wazi "kimekaa bure". Hakijakaa bure, kina kazi kinafanya.

Kuhusu umbali, wewe unashangaa mita 80 ni mbali na bado unasikia. Hapa kuna siri moja. Chombo kimoja kama bodaboda yenye eksozi mbovu, ukiongeza umbali mara mbili sauti yake inashuka desibeli 6. Lakini barabara yenye magari mfululizo ni mstari mrefu wa sauti, ukiongeza umbali mara mbili inashuka desibeli 3 tu, na desibeli 3 ni kitu ambacho sikio linakibaini kwa shida, mtu mpaka ahisi kelele imepungua nusu inatakiwa zishuke kama 10 hivi. Kwa hiyo ungekuwa mita 40 au 80, ule mvumo wa Morogoro Road ni karibu sawa tu. Na hata magari yakipungua nusu zinashuka desibeli 3 zile zile. Ndo maana watu wa pembeni ya Morogoro Road tangu mwendokasi ianze 2016 wengine wananiambia "mbona kelele ni ile ile". Kilichobadilika pale ni aina ya kelele zaidi kuliko wingi wake. Vituo viko katikati ya barabara, tiketi inakatwa kituoni, kwa hiyo mpiga debe na konda anayegonga bodi ya gari hawana kazi kwenye ile njia, umebaki mvumo wa injini na breki. Na kama kuna tuta karibu na kwenu angalia hilo nalo, lori tupu likipita kwenye tuta usiku bodi inarindima halafu dereva anakanyaga mafuta upya, na mara nyingi ni hicho kinachomshtua mtoto. Mtoto haamshwi na mvumo, ule anauzoea. Anaamshwa na kitu kinachokuja ghafla.

Sasa chumba cha nyuma, na hapa nitakaa kidogo maana ndo swali lako zuri zaidi.

Hujaniambia kati ya jengo lenu na la jirani pana nafasi gani ila nabahatisha ni mita tatu au nne, kuta mbili zimetazamana zimenyooka kuanzia chini mpaka juu, chini pevingi au sakafu ya saruji, juu wazi. Hapo umejengewa bomba la sauti. Mtu wa ghorofa ya pili jengo la jirani akiongea dirishani kwake, sauti yake haisambai kama ingekuwa uwanjani, inabaki humo humo inapigwa ukuta huu na huu mpaka inakufikia ikiwa bado na nguvu. Na kwa sababu upande huo barabara haisikiki, hakuna mvumo wa kuifunika. Hii watu wanaisahau sana, kwamba ukimya wa nyuma unafanya kila neno la jirani lieleweke. Mbele angekuwa anaongea hivyo hivyo usingemsikia. Jaribu hivi, mchana pakiwa pametulia toa mkono dirishani upige kofi moja. Ukisikia kofi linajibu kwa haraka haraka, trrrr, kama mtu anayepitisha kijiti kwenye meno ya kitana, basi ni kuta hizo mbili zinarushiana.

Na ile du du du. Sauti nene ina wimbi refu, besi ya mziki wimbi lake linafika mita tano na zaidi, ni refu kuliko chumba chenu. Sauti nyembamba, mfano herufi "s" kwenye maneno ya mwimbaji, wimbi lake ni sentimita chache tu. Wimbi fupi likikuta nyumba linazuiwa, linaacha kivuli. Wimbi refu likikuta nyumba linaizunguka kama bahari inavyouzunguka mti wa ngalawa uliochomekwa majini, halijali. Kwa hiyo nyumba zote zilizopo kati yenu na ile baa zimeuchuja mziki, zimewaondoa mwimbaji na gitaa zikakuachia ngoma peke yake. Ukuta wako nao unafanya hivyo hivyo kwa mara ya pili, maana ukuta na dirisha vinazuia sauti nyembamba vizuri, besi vinaiacha ipite. Ndo maana inakera hivi hata kama kipimo kinasoma kidogo, unasikia kitu kisichokamilika, akili inabaki inakifuatilia.

Hii habari ya sauti nene na nyembamba wachuuzi wetu wanaijua bila kufundishwa na mtu. Fikiria muuza kahawa anavyogonganisha vile vikombe vidogo mkononi, au kijana wa karanga anavyochezesha sarafu, au wale wapaka rangi kucha wanavyogonga vichupa. Hakuna hata mmoja anayepiga kitu kizito. Wamechagua mlio mwembamba mkali, ule unaokata katikati ya mvumo wa magari na tena unakwambia mtu yuko upande gani, ameshapita kona au bado. Wewe kwenu umekua nao. Nakumbuka jioni moja nimekaa barazani kwa mwenyeji wangu kule Mji Mkongwe, tunaongea kwa sauti ya chini kabisa, mara yule mzee mwenyeji akanyamaza akainua kidole, akasema "anakuja". Mimi sikusikia kitu. Ikapita labda nusu dakika ndo nikasikia vikombe, kling kling, halafu tena tukasubiri ndo kahawa yenyewe ikatokea kwenye kona na makaa yanawaka. Yule mzee alikuwa anamsikia muuza kahawa kona mbili kabla. Hicho kitu Dar hakiwezekani, siyo kwamba watu wa Dar ni viziwi, ni kwamba mvumo wa barabara umeshameza kila kitu kidogo.

Kwa hiyo swali lako la Mji Mkongwe, kwa nini nyumba zimebanana na pametulia. Dada yangu pametulia KWA SABABU zimebanana, na kwa sababu zimebanana kwa namna ile. La kwanza na kubwa, gari halipiti. Vichochoro vingi ni vyembamba mno kwa gari, kwa hiyo chanzo kikubwa cha kelele ya mji wowote wa leo kimebaki nje, huko Darajani na barabara ya Creek, ambako zamani palikuwa na maji mpaka yakafukiwa. La pili ni kupinda, hakuna kichochoro kinachonyooka kwa muda mrefu, na kila kona sauti inapoteza kipande. La tatu ni kuta zenyewe, mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita na kuzidi, na juu boriti zilizobeba mawe na chokaa nzito. Uzito ndo unaozuia sauti, ukuta ukiuongeza uzito mara mbili unapata kama desibeli 6 za ziada. Sasa linganisha na tofali la inchi tano lililopigwa plasta upande mmoja, jamani. Na la nne ambalo nalipenda kuliko yote, nyumba nyingi zimegeukia ndani, maisha yako kwenye ua, mlango wa nje ni gogo la mbao zito na madirisha ya chini ni machache na madogo.

Ila nisikudanganye kwa kukusifia kwenu. Kichochoro ni bomba lile lile la chumba chako cha nyuma, kuta mbili zinazotazamana. Mtu akiongea barazani maneno yanafika mbali, na ndo maana watu wa kule wana adabu ya kushusha sauti, na wakati mwingine mambo ya nyumba hii yanajulikana nyumba ya tatu. Na vespa moja ikiingia mle ndani ni balaa, inapiga kelele kuliko ingekuwa barabara ya wazi. Kwa hiyo umbo la mji peke yake halileti utulivu, ni umbo pamoja na kile kilichoruhusiwa kuingia humo. Siku wakiachia pikipiki ziingie mle kwa wingi huo utulivu utakwisha na kuta zile zile zitageuka adui.

Na ukivuka kwenda Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji wa Zanzibar, unapata somo lingine, yale maghorofa ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Marefu kweli kweli, yamefuata barabara mbili zinazokatana. Watu wanayasema sana kwa umbo lake na mimi siwezi kuutetea uzuri wake, lakini kwa masikio yana faida moja, jengo refu lisilo na mwanya likikaa pembeni ya barabara linakuwa ukuta kwa wote walioko nyuma yake. Anayekaa upande wa barabara anapata zote, anayekaa nyuma anapumzika. Tunavyojenga Dar sasa hivi ni kinyume, ghorofa moja moja zimesimama kama meno yaliyong'oka katikati, sauti inapita kwenye kila mwanya, na aliye nyuma anapata na aliye mbele anapata. Nairobi nao wana lao, ile barabara ya Expressway iliyofunguliwa 2022, kilomita 27, sehemu yake imeinuliwa juu ya nguzo. Anayetembea chini yake yale magari ya juu hayamsumbui sana maana lile daraja linamkinga, lakini aliye ghorofa ya tatu au ya nne anatazamana nayo uso kwa uso, kama wewe tu.

Honi ya meli sasa. Mchana ardhi, mabati na lami vinachemka, hewa ya chini inakuwa ya moto kuliko ya juu, na sauti ikipita kwenye hewa ya namna hiyo inapinda kwenda juu, inakupita kichwani inaenda zake. Usiku ukiwa mtulivu ardhi inapoa haraka kuliko hewa, inakuwa baridi chini joto juu, sauti iliyokuwa inapotea angani inapindishwa inarudi chini. Inaruka juu ya mji mzima inakuja kutua kwako. Ukijumlisha na kwamba saa nane magari yamepungua hakuna cha kuifunika, na wewe upo ghorofa ya nne hakuna paa mbele yako, lazima uisikie. Usiku wenye upepo mwingi utaona haifiki, au inafika na kukatika katika. Adhana ya alfajiri nayo kama unaisikia toka misikiti mingi, inafuatana moja nyuma ya nyingine hata kama wameanza pamoja, ni kwa sababu sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, msikiti ulio mita 700 unachelewa sekunde mbili nzima nyuma ya ulio jirani.

Haya, dawa.

Trei za mayai usibandike. Nasema hivi kwa uchungu maana nimeona vyumba vya watoto vimejazwa karatasi hizo kuta nne. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, basi, sauti inayotoka nje hazizuii kwa sababu hazina uzito wowote, trei zote za chumba kizima unaweza kuzibeba mkono mmoja. Na zinashika moto vibaya sana. Chumba cha mtoto, nyaya za umeme, karatasi ukutani, hapana. Pazia zito nalo ni hivyo hivyo, chumba kinakuwa na utulivu kidogo kwa ndani lakini barabara haliizuii.

Miashoki ipandeni kwa ajili ya kivuli na macho, na nikwambie ukweli kuna faida ambayo siidharau, mtu asipoyaona magari na akasikia majani yanapepea anasumbuka kidogo kuliko akiwa anayaona. Lakini kuzuia sauti, mstari mmoja wa miti hauzuii kitu cha maana, ili miti ipunguze desibeli chache tu unahitaji msitu mzito wa kama mita 30 kwenda ndani, na ninyi mpo ghorofa ya nne, mti wenyewe mpaka uwafikie mtoto ameshamaliza shule.

Kinachofanya kazi kwenye chumba ni dirisha na mlango, na hasa mianya. Tundu la asilimia moja tu ya ukuta linatosha kuufanya ukuta wote usizidi desibeli 20 za kuzuia, hata ungekuwa wa mawe ya kwenu. Kama mna madirisha ya luva, vile vioo vya kupangwa, hayo hata yakifungwa ni kama nusu wazi. Kama ni aluminiamu ya kuslaidi angalia ile brashi ya pembeni imeliwa kiasi gani, kuibadilisha ni hela ndogo na utashangaa. Angalia chini ya mlango, angalia matundu ya hewa juu ya dirisha, angalia lile tundu ambalo fundi wa AC alitoboa akaliacha. Usiku washa taa chumbani zima za nje, pale mwanga unapovuja na sauti inavuja hapo hapo.

Lakini hapa ndo pana mtego wa Dar, ukiziba kila kitu mtalala kwenye oveni. Siwezi kukushauri uzibe chumba cha mtoto kisipate hewa. Kwa hiyo angalia mfuko wenu. Kama AC ipo au mnaweza, basi ziba vizuri dirisha la upande wa barabara, na kama mkandarasi yupo wa kuaminika ongeza dirisha la pili kwa ndani likiwa mbali na la kwanza sentimita 10 na zaidi, siyo vioo viwili vilivyogusana, ile nafasi ndo inayofanya kazi, hata besi inapungua kiasi. Kama AC haipo, tumia dirisha lisilotazama barabara kwa hewa na ziba lile linalotazama, na feni iwashwe, mvumo wa feni unafunika majirani na unafunika hata zile sauti za kushtukiza, kwa mtoto hiyo inasaidia sana ila iwe mbali na kitanda chake na isiwe ya kelele kubwa.

Na kabla ya yote hayo fanyeni kitu cha bure. Siku ya kawaida, saa nne usiku, wewe na mumeo mshuke ngazi polepole, msimame dakika mbili kila ghorofa kwenye kona ya ngazi inapofunguka nje upande wa barabara, msikilize. Kuna mahali mtasikia mvumo umekatika kama mtu amefunga mlango, mara nyingi ni pale mapaa ya mbele yanapoanza kuwakinga. Kama ni ghorofa ya pili na kuna chumba wazi hapo, kuhama ghorofa mbili chini kutawapa zaidi kuliko hela yoyote mtakayompa fundi. Naijua hasara ya hewa, ipo, pimeni wenyewe.

Kwa majirani wa nyuma zungumzeni, si kwa ugomvi. Wengi hawajui kwamba wanasikika, mwambie tu "jamani lile dirisha letu na lenu yanaongea". Pale chini kwenye ujia mkiweka kitu chochote kisicho ukuta mtupu, vyungu vya mimea mizito, sehemu ya mchanga badala ya pevingi, mwangwi unapungua kidogo. Hii tabia ya kila uwanja kupigwa pevingi kona hadi kona mimi inanisikitisha, mchanga ulikuwa unakunywa sauti na maji ya mvua vyote viwili.

Baa ni habari nyingine, besi hutaizuia ukiwa kwako, inazuiwa inakotoka. Spika iliyowekwa juu ikashushwa, ikageuzwa isitazame mtaa, besi ikapunguzwa baada ya saa nne, hapo mtaa mzima unalala. Anzeni kwa mwenye baa, kisha serikali ya mtaa, andikeni tarehe na saa kila siku kwa wiki mbili, na ikishindikana ipo NEMC, baraza la taifa la mazingira, na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, wana vifaa vya kupimia. Programu ya simu inaweza kukusaidia kulinganisha chumba na chumba au jana na leo, lakini usiende nayo kama ushahidi, simu mbili zinaweza kusoma tofauti na besi ndo zinaikosea zaidi.

Sasa wakati wa kuita mtu. Weka kiganja ukutani ile du du du ikipiga. Kama unaihisi mkononi, au kikombe kinatetema kabatini, basi huenda inatoka kwenye jengo lenyewe, labda jenereta au pampu iliyofungwa kwenye zege bila mpira, hapo dirisha halitasaidia kitu, aje mtu apime na mwenye nyumba awepo. Vivyo hivyo kabla hamjalipa dirisha la pili la hela nyingi, mpate mtu wa kupima usiku mmoja kwanza. Kwa afya, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 wa Ulaya linashauri kelele ya magari usiku isizidi desibeli 45 nje ya nyumba, na pembeni ya barabara kubwa zetu tumeshavuka hapo zamani, kwa hiyo usijione unadeka. Kama wewe au mumeo mna mlio masikioni usioisha, au usingizi umepotea wiki kadhaa mpaka mchana hamjiwezi, nendeni kwa daktari wa masikio, pua na koo au daktari wenu wa kawaida. Mtoto naye kama anashtuka hata mahali pa kimya, au unaona haitikii sauti vizuri, apelekwe, msisubiri mpaka mhame.

Na kama mkataba ukiisha mkaamua kuhama, nyumba msiende kuiangalia saa nne asubuhi anavyotaka dalali. Nendeni mara mbili, mara ya pili iwe Ijumaa au Jumamosi saa tano usiku, mwombe akufungulie chumba cha kulala, zima taa, funga dirisha, kaeni humo dakika kumi bila kuongea.